Jukwaa Lisilo na Mwenye Nyumba: Je, Mijadala Yetu ya Mtandaoni Inaweza Kugatuliwa?

Katika kikao cha mwisho cha Bunge la wanafunzi, wabunge wa vitivo viwili walileta hoja kwamba chama kianzishe jukwaa la mijadala la wanachuo, na lijengwe kwa teknolojia ambayo hakuna mtu mmoja anayeweza kuizima. Ukumbi ulipiga makofi. Kisha mbunge mmoja akauliza swali dogo: hivi inawezekana? Hakuna aliyejibu, na hoja ikarudishwa kwenye kamati. Kwa kuwa nasoma sayansi ya kompyuta na mradi wangu wa mwaka wa mwisho unahusu mifumo ya aina hii, mhariri aliniomba nieleze suala lenyewe kwa lugha ambayo mtu wa uuguzi, wa sheria na wa kilimo ataelewa.

Jibu fupi nalitoa mapema, kwa ajili ya anayewahi kipindi: ndiyo, inawezekana, na imekuwa ikifanyika tangu kabla wazazi wa wengi wetu hawajamaliza shule ya msingi. Ila teknolojia inagatua baadhi ya mambo tu. Mengine hubaki mikononi mwa watu, na hayo yaliyobaki ndiyo huwa yanaua majukwaa. Mwenye muda asome mpaka mwisho, maana kura inakuja.

Kwa nini tusibaki kwenye magrupu?

Mijadala mingi ya chuo sasa hivi iko kwenye magrupu ya WhatsApp. Grupu lina kikomo cha watu 1,024, kwa hiyo kitivo kikubwa hakitoshi. Anayeingia leo kwa kawaida haoni yaliyozungumzwa mwezi uliopita. Grupu la kozi yetu la mwaka wa kwanza lilikufa usiku mmoja, pale admini alipogombana na wenzake akaondoa watu wote. Past paper, maelezo ya field, orodha ya vyumba vya kupanga, vyote vikaenda na maji. Na kila mwaka mikopo inapotangazwa, mtu anauliza namna ya kukata rufaa, mtu wa mwaka wa tatu anajibu vizuri kabisa, halafu jibu linazama chini ya stika na salamu za asubuhi. Mwaka unaofuata tunaanza upya.

Jukwaa ni kitu kingine. Kila mada ina uzi wake, uzi una kichwa, majibu yanapangwa chini yake, na mtu anaweza kuutafuta na kuusoma miaka mitano baadaye. Aliyewahi kuingia JamiiForums kutafuta ushauri wa biashara au wa kiwanja anajua: unakuta uzi wa miaka kumi iliyopita bado unasomeka, na aliyeujibu alishasahau kwamba aliujibu. Kumbukumbu hiyo ndiyo mali ya jukwaa. Ndiyo maana swali la nani anaishika si la wataalamu wa kompyuta peke yao.

Kazi nne na mkono mmoja

Jukwaa lolote linafanya kazi nne. Kwanza, kuhifadhi: ujumbe unakaa wapi. Pili, kusafirisha: unamfikiaje msomaji. Tatu, utambulisho: tunajuaje kwamba aliyeandika leo ndiye yule wa jana. Nne, usimamizi: nani anaamua kipi kibaki, kipi kifutwe, nani alambwe ban.

Kwenye jukwaa la kawaida kazi zote nne ziko chini ya mkono mmoja, yaani mwenye seva. Ni rahisi kujenga na ni rahisi kutumia. Ukisahau nywila, yupo wa kukurudishia. Mtu akikutukana, yupo wa kumshtakia. Ubaya ni kwamba mkono mmoja ukibanwa, vyote vinne vinabanwa.

JamiiForums yenyewe ni mfano ulio karibu nasi. Desemba 2016, mwanzilishi mwenza wake, Maxence Melo, alikamatwa na kufikishwa mahakamani, na kiini cha shauri kilikuwa kukataa kuwapa polisi taarifa za watumiaji walioandika kwa majina ya bandia. Mashtaka yalitumia Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015. Juni 2018 jukwaa hilo lilisimama kwa muda, baada ya kanuni mpya za maudhui ya mtandaoni kutaka majukwaa yawe na leseni. Septemba 2025 Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania ilisitisha leseni yake kwa siku 90. Mara zote tatu mlango uliogongwa ulikuwa mmoja.

Wapenzi wa ugatuaji husema hapo: si unaona? Naona, lakini naona na upande wa pili. Mwaka 2016, nyuma ya mlango huo alikuwepo mtu aliyekataa. Watumiaji walilindwa na binadamu mwenye jina na sura, aliyehudhuria mahakamani kwa miaka. Programu haihudhurii mahakamani. Tuliweke hili akilini, tutalihitaji mbele.

Jaribio la kwanza: Usenet

Mwaka 1979 wanafunzi wawili wa uzamili wa Chuo Kikuu cha Duke nchini Marekani, Tom Truscott na Jim Ellis, walibuni mfumo wa kubadilishana habari kati ya kompyuta za vyuo. Mwaka uliofuata ulikuwa unafanya kazi kati ya Duke na chuo jirani cha North Carolina. Waliuita Usenet.

Utaratibu wake ni mwepesi. Kila chuo kilikuwa na nakala yake ya mijadala. Kompyuta moja ilipiga simu kwa jirani yake, mara nyingi usiku gharama zikiwa chini, kama sisi tunavyosubiri bando la usiku. Zikipatana, kila moja ilimpa mwenzake ujumbe ambao hakuwa nao. Kila ujumbe ulikuwa na namba yake ya pekee, kwa hiyo haukupokelewa mara mbili. Chuo kimoja kikizimika, vingine viliendelea. Hakukuwa na makao makuu wala mwenye nyumba. Kwa kazi mbili za kwanza, kuhifadhi na kusafirisha, vijana wale walimaliza kesi zaidi ya miaka arobaini iliyopita.

Kasheshe ilikuja kwenye kazi mbili zilizobaki. Aprili 1994 mawakili wawili, mtu na mkewe, Laurence Canter na Martha Siegel, walirusha tangazo moja kwenye maelfu ya vikundi vya Usenet kwa mpigo: walikuwa wanauza huduma ya kujaza fomu za bahati nasibu ya green card. Naam, ile ile ambayo hata leo unaona stationery za mjini zikiitangaza. Watu walikasirika, lakini hakukuwa na wa kuwafungia, kwa sababu hakukuwa na mlango. Wengine waliandika programu za kutuma amri za kufuta. Lakini mfumo haukuwa na njia ya kuhakikisha nani ametuma amri hiyo, kwa hiyo yeyote angeweza kujifanya mtu mwingine na kufuta maneno yake.

Pamoja na matangazo yakaja mafaili makubwa, na kila seva ilipaswa kuhifadhi yote kwa gharama yake. Watoa huduma wengi wakaachana nayo, watu wakahamia kwenye majukwaa yenye mwenye nyumba. Februari 2024 hata Google iliacha kupokea na kuonyesha ujumbe mpya wa Usenet. Mfumo wenyewe haujafa. Ni watu wa kawaida waliohama.

Leo zipo njia kubwa tatu za kujaribu tena.

Njia ya kwanza: shirikisho

Hii ndiyo inayofanana na barua pepe. Wewe uko kwenye seva ya chuo, mimi niko kwenye Gmail, na bado tunaandikiana, kwa sababu seva zetu zinaongea lugha moja. Kwa mijadala, lugha inayotumika sana inaitwa ActivityPub, na shirika linaloweka viwango vya wavuti, W3C, liliipitisha rasmi Januari 2018. Programu ya Mastodon inaitumia kwa machapisho mafupi. Lemmy, iliyoanza 2019, inaitumia kwa majukwaa yenye nyuzi, majibu na kura, na ndiyo inayotuhusu zaidi.

Chukulia chuo chetu kina seva yake ya Lemmy na chuo kingine kina yake. Mwanafunzi wa huko anafuatilia jukwaa letu la mikopo bila kufungua akaunti huku. Seva yao inachukua nakala ya uzi wetu, anajibu akiwa kwao, na jibu linarudi kwetu. Kila seva ina wasimamizi wake na sheria zake.

Njia hii ilipata mtihani mkubwa mwaka 2023. Reddit, jukwaa kubwa la Marekani, lilianza kutoza wenye programu za nje fedha nyingi ili waweze kuunganishwa nalo. Juni mwaka huo maelfu ya majukwaa ndani ya Reddit yalifungwa na wasimamizi wake kama mgomo, na watu wengi wakahamia Lemmy. Mfumo ulibeba. Lakini angalia yaliyofuata.

Ndani ya mwezi huo huo seva moja iitwayo Beehaw ilikata uhusiano na seva mbili kubwa za Lemmy. Sababu ni kwamba seva hizo zilikuwa zinaandikisha mtu yeyote bila kuhojiwa, watukanaji wakawa wanapitia huko, na Beehaw ilikuwa na wasimamizi wachache wa kujitolea waliozidiwa. Wanachama wengi wa seva zile kubwa hawakuwa wamekosea chochote, ila siku hiyo walijikuta nje. Juni 2025 seva nyingine iliyokuwa kati ya kubwa, lemm.ee, ilifungwa kabisa. Haikuzimwa na serikali wala haikudukuliwa. Waliokuwa wakiiendesha walichoka, na hawakupata wa kuwapokea kijiti.

Kuna na tundu la jina. Seva inaweza kukaa popote, lakini anwani yake ni ya kusajiliwa, na msajili ni mmoja. Februari 2024 seva ya Mastodon iliyotumia anwani inayoishia na .af ilipoteza jina lake kwa sababu .af ni ya Afghanistan na mamlaka za huko zililisitisha. Kompyuta ilikuwa salama, data ilikuwa salama, ila hakuna aliyeweza kuifikia kwa anwani ile.

Kwa hiyo shirikisho halifuti mwenye nyumba. Linaleta wenye nyumba wengi, na linakupa ruhusa ya kuhama. Si jambo dogo hata kidogo. Ila tusilitaje kwa jina lisilo lake.

Njia ya pili: blokucheni

Hii ndiyo waleta hoja walikuwa nayo kichwani, nadhani. Blokucheni ni daftari ambalo kila mshiriki ana nakala yake, kurasa zake zimefungamanishwa kihisabati, na huwezi kubadilisha ukurasa wa zamani bila wengine kukushtukia. Kwa hesabu za fedha ni wazo zuri. Kwa soga za chuo lina matatizo matatu.

La kwanza ni nafasi na kasi. Daftari la Bitcoin lina zaidi ya gigabaiti 500, na mtandao huo unamudu takriban miamala saba tu kwa sekunde. Blokucheni mpya zina kasi zaidi, lakini kanuni inabaki: kila kinachoandikwa, kila mwenye daftari kamili anakibeba. Hakuna mwanafunzi atakayebeba hayo kwenye simu ya gigabaiti 64 iliyojaa picha za graduation.

La pili ni gharama. Mtu lazima alipwe kutunza daftari, kwa hiyo kuandika kunakuwa na bei, iwe ya wazi au ya kujificha.

La tatu ni kubwa zaidi: nani anaamua? Mfano ni Steem, blokucheni iliyoanza 2016 mahsusi kwa ajili ya kuandika na kujadiliana. Iliendeshwa na watunza daftari waliochaguliwa kwa kura, na kura zilihesabiwa kwa sarafu: mwenye sarafu nyingi, kura nyingi. Februari 2020 mfanyabiashara Justin Sun alinunua kampuni iliyouanzisha mtandao huo, na kampuni ilikuwa na fungu kubwa la sarafu tangu mwanzo. Watunza daftari wakaogopa, wakazizuia sarafu hizo zisipige kura. Machi 2, masoko makubwa ya sarafu yakatumia sarafu za wateja wao kupiga kura, na watunza daftari waliokuwepo wakaondolewa. Wanajumuiya wakanakili daftari zima, wakaanzisha mtandao mpya uitwao Hive Machi 20.

Hadithi hii ina mafundisho mawili. Moja, ugatuaji unaohesabu fedha unaweza kununuliwa kwa fedha. Mbili, na hili ni la kuwasifia, waliweza kuondoka na kumbukumbu zao zote. Grupu letu la mwaka wa kwanza halikuwa na bahati hiyo.

Njia ya tatu: kifaa kwa kifaa

Hapa seva haipo kabisa. Simu yako inaongea na simu yangu. Programu ya Briar, ya simu za Android, ina majukwaa ya namna hii: ujumbe unasafiri kwa Bluetooth, kwa waifai, au kupitia mtandao wa Tor, na kila mwanajukwaa anabaki na nakala. Intaneti ikikatika, simu zilizo karibu bado zinapeana ujumbe. Sisi wa ukanda huu tunajua jambo hilo si la kufikirika. Uganda intaneti ilikatwa Januari 2021 wakati wa uchaguzi, na Tanzania ilikatwa kwa siku kadhaa kuanzia Oktoba 29, 2025, siku ya kupiga kura. Siku kama hizo seva yoyote, ya shirikisho au isiyo ya shirikisho, ni boksi tu.

Kwa nini basi tusiweke kila kitu huko? Kwanza, kwa umbali mrefu simu zote mbili zinatakiwa ziwe hewani kwa wakati mmoja, isipokuwa mtu aache simu nyingine nyumbani imewashwa ifanye kazi ya sanduku la barua. Pili, simu zetu kwenye mitandao ya simu hazina anwani ya wazi ya intaneti. Watu wengi hutumia anwani moja ya kampuni, kwa hiyo simu haiwezi kupigiwa hodi moja kwa moja kutoka nje bila msaada wa kompyuta ya katikati. Tatu, bando na chaji: kusambaza nyuzi za watu elfu tano kunakula vyote viwili. Nne, kwenye jukwaa la Briar kila aliyeingia anaweza kuwaalika wengine, na hakuna msimamizi wa kufuta kwenye simu zao. Kwa watu ishirini wanaoaminiana inafaa sana. Kwa chuo kizima, sivyo.

Kati ya njia hii na ya kwanza ipo Nostr, iliyoanza 2020. Utambulisho wako ni ufunguo wa siri, namba ndefu unayoishika mwenyewe, na ujumbe unautuma kwenye vituo kadhaa kwa pamoja. Kituo kimoja kikikukatalia, kingine kitakupokea, na wewe ni yule yule. Inavutia. Lakini ukipoteza ufunguo hakuna wa kukurudishia, na ukiibiwa, mwizi anakuwa wewe moja kwa moja. Kwa watu ambao simu zao zinaibiwa kwenye daladala kila wiki, hiyo ni hatari ya kweli.

Mambo ambayo hisabati haimalizi

Ukizipanga njia hizi pamoja, unaona zinakwama sehemu zile zile.

Sehemu ya kwanza ni kufuta. Tuseme mtu ameweka picha ya faragha ya mwanafunzi mwenzetu, au namba yake ya simu na chumba anacholala. Kwenye jukwaa la mkono mmoja msimamizi anafuta, kwisha. Kwenye shirikisho seva yetu inafuta, kisha inawaomba wenzake wafute. Anayekaidi anabaki nayo. Kwenye blokucheni haifutiki kwa makusudi. Sifa ile ile inayomzuia mkubwa kufuta ukweli inamzuia pia binti huyo kufutiwa dhuluma. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 inampa mtu haki juu ya taarifa zake, na mfumo usioweza kufuta utagongana nayo siku ya kwanza.

Ya pili ni watu bandia. Mwaka 2002 mtafiti John Douceur alionyesha kwamba kwenye mtandao usio na chombo chochote cha kuthibitisha nani ni nani, ni vigumu mno kumzuia mtu mmoja kujifanya watu elfu moja. Fikiria hilo wakati wa kampeni za urais wa chama. Kuna namna mbili kuu za kujikinga: kufanya utambulisho uwe na gharama, au kuwa na mtu wa kuthibitisha. Sisi tunayo namba ya usajili ya chuo, lakini ukishaitumia umerudisha kitovu: yupo mtu mwenye orodha inayosema jina hili la bandia ni la nani. Orodha hiyo ndiyo itakayotafutwa siku mambo yakiharibika.

Ya tatu ni mfuatano. Kukiwa na nakala nyingi, jibu linaweza kufika kwako kabla ya swali. Mwaka 1978 Leslie Lamport alieleza namna ya kupanga matukio bila kutegemea saa moja ya pamoja, na wazo hilo linatumika mpaka leo. Hili kweli hisabati imelimudu, kwa sharti kwamba tukubali watu wawili waone uzi ule ule tofauti kidogo kwa muda.

Ya nne ni uchovu wa watu. Hakuna itifaki inayoamka saa nane usiku kusoma malalamiko 40.

Napendekeza nini?

Hoja ikirudi, nitaomba irudi imebadilishwa. Neno la kwamba hakuna anayeweza kuizima liondolewe, kwa sababu ni ahadi ambayo hatuwezi kuitimiza. Mahali pake iandikwe kwamba hakuna mtu mmoja anayeweza kuondoka na kumbukumbu zetu. Hiyo tunaiweza, kwa njia ya shirikisho, na kwa masharti haya.

Tusianze peke yetu. Tutafute vyama vya wanafunzi vya vyuo viwili au vitatu, kila kimoja kiwe na seva yake ndogo ya Lemmy au inayofanana nayo. Nyuzi za umma zitakuwa na nakala kwa wote. Seva ya kukodi kwa watumiaji mia kadhaa ni gharama ambayo chama kinaimudu. Kazi ngumu ni kuihudumia.

Jina la anwani lisajiliwe kwa jina la chama, si la rais wala la fundi. Viongozi wetu hukaa mwaka mmoja, na wote tunawajua waliomaliza muda wakaondoka na nywila.

Nakala kamili ya data ichukuliwe kila wiki na ihifadhiwe sehemu mbili tofauti. Mara moja kwa semista tujaribu kuirudisha kwenye kompyuta tupu, mbele ya wajumbe. Nakala ambayo haijawahi kujaribiwa ni imani tu.

Wasimamizi watoke kila kitivo, wawe na zamu na ukomo wa muda, na kila uzi unaofutwa uandikwe kwenye daftari la wazi pamoja na sababu. Uamuzi wa kumlamba mtu ban uwe na rufaa.

Orodha inayounganisha majina ya bandia na namba za usajili isiwepo. Mfumo uthibitishe mara moja kwamba anayejiunga ni mwanachuo, kisha usihifadhi alichotumia kuthibitisha. Kisichohifadhiwa hakiwezi kudaiwa wala kuvuja.

Na kabla ya yote, wenzetu wa kitivo cha sheria wasome kanuni za maudhui ya mtandaoni na Sheria ya Makosa ya Mtandao, waseme seva hii itahesabiwa kuwa nini na nani ataitwa ikitokea barua. Hapa ndipo lile la mahakamani linaporudi. Kwenye karatasi jukwaa linaweza lisiwe na mwenye nyumba, ila barua ya wito itakuwa na jina la mtu, na inawezekana akawa mwanafunzi wa mwaka wa pili aliyejitolea kuweka programu. Bunge lina wajibu wa kuamua leo kama chama kizima kitasimama naye. Likishindwa kuamua hilo, kwa maoni yangu tusianzishe chochote, tuendelee na magrupu yetu.

Kwa siku za intaneti kukatika, kila mtu aweke Briar kwenye simu pamoja na watu wake wachache anaowaamini. Hilo halihitaji kura ya Bunge.

Naomba kuwasilisha.